Pembe za tandala za babu, naweza kuzitundika sebuleni?

mjukuu_wa_iringa:
Wakuu habari. Babu alitutoka mwaka jana huko Iringa, enzi zake alikuwa mwindaji, sasa kwenye kugawana vitu mimi nikaangukiwa na pembe za tandala dume, zile ndefu zimejisokota mpaka raha, na ngozi ya pundamilia ila imeanza kupukutika. Nimehamia kwangu hapa Dar, wife anataka sebule iwe ya kiporiporini, viti vya magogo, taa ya kibuyu, nikasema pembe ndo zenyewe, juu ya tv pale. Fundi gani anajua kuzifunga kwenye ubao zisije kudondokea watoto? Na ngozi inatibika?

kaka_mpole:
Kabla ya fundi, una karatasi? Hizo ni nyara za serikali ndugu yangu. Watu wanajua nyara ni meno ya tembo tu, wakati Sheria ya Wanyamapori ya 2009 imebeba pembe, ngozi, kucha, manyoya, mpaka lile yai la mbuni watu wanaweka kabatini na vikombe vya wageni. Kurithi tu hakutoshi, lazima hati ya umiliki. Kesi zake huwa zinapelekwa uhujumu uchumi na watu wanakula miaka 20.

mjukuu_wa_iringa:
Duh. Leseni ya babu ya kuwindia nilishawahi kuiona, ilipo sasa sijui. Na mzigo ulishakuja kwenye buti ya basi 😩

mama_sebule:
Pekueni masanduku yote kijijini. Halafu tafuta mwanasheria muende TAWA, ile mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, mkaulize, ila usizizungushe tena mjini, kwenye kizuizi utamwelezea nani habari za babu?

fundi_mwenge:
Mi nachonga vinyago hapa Mwenge. Tafuta pembe za ng'ombe wa Ankole, wale wa Kagera, nene hizo, zikipigwa msasa na mafuta mgeni anasahau tandala. Chini weka ngozi ya ng'ombe wa madoa lakini iliyotengenezwa kiwandani, ya kuanika juani na chumvi ikikutana na unyevu wa Dar inanuka na wadudu wanaila. Ukitaka na kinyago cha mpingo angalia usiuziwe mti laini umepakwa kiwi, kikwangue chini kwenye kitako, au kitie kwenye ndoo ya maji, mpingo unazama.

mjukuu_wa_iringa:
Asanteni. Picha ya pembe niliyoweka status nimefuta, ilishaonwa na watu 43 akiwemo mjumbe wa mtaa.