Sonona: daftari la mawazo linamzidishia huzuni, tunakosea wapi?

Mshauri_Soweto (Moshi)
Habari za humu wadau. Mteja mwenye sonona, muuza mitumba pale Memorial, alipewa kazi ya kuandika mawazo yake kila jioni. Wiki ya pili sasa daftari limejaa "sifai", "nitafilisika", na akifunga kalamu anajisikia vibaya kuliko alivyoanza. Niliache?

Nesi_Njiro
Usiliache. Ameandika nusu tu. Wazo likibaki peke yake kwenye karatasi ni kulicheua, yaani kulirudiarudia kichwani bila kulipima, na sonona hunenepa hapo hapo. Aaron Beck, daktari wa Marekani, alilieleza miaka ya 1960: mgonjwa anajiona hafai, dunia imemkalia vibaya, kesho ni giza. "Nitafilisika" ni hilo la tatu.

Chora safu: tukio, wazo, na analiamini kwa asilimia ngapi, hisia, ushahidi wa kuunga, wa kupinga, wazo jipya, asilimia tena. Mfano:

Tukio: saa nne asubuhi mteja kashika koti, karudisha, kaondoka.
Wazo: "Biashara imekufa." 90.
Kuunga: sijauza tangu nifungue.
Kupinga: jana mashati matatu. Jirani naye hajauza. Leo tarehe 20, mishahara bado.
Jipya: "Leo pagumu, ila siku moja si biashara nzima." Imani: 60.

Kutoka 90 hadi 60 inatosha, usidai sifuri. Na aandike palepale kibandani, maana ikifika jioni kichwa kimebakiza machungu tu.

Kaka_Tengeru
Hapo kwenye safu ya wazo ndipo wengi wanapokwama. "Itakuwaje nikifilisika?" ni swali, halipimiki, ligeuzwe kauli. "Nina huzuni" ni hisia, si wazo. Na jamani, msimwandikie "yote yatakuwa sawa". Haamini, halafu anajilaumu kwa kutoamini.

Mshauri_Soweto (Moshi)
Asanteni. Na yule ambaye hata kitandani hatoki?

Nesi_Njiro
Kwa huyo, daftari la mawazo lisubiri kwanza. Mpe vitendo vidogo vyenye saa: kuoga saa mbili, kutembea dakika 10 saa kumi. Kabla, akadirie atafurahia kiasi gani kati ya 0 na 10. Baada, aandike ilivyokuwa. Mara nyingi ya pili inazidi, na huo ni ushahidi alioutengeneza mwenyewe.

Mpime kwa PHQ-9, dodoso la sonona lenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Akifika 20 kati ya 27 ni kali, mazungumzo peke yake yasimcheleweshe: aonwe na daktari, hospitali ya Mawenzi au KCMC. Akianzishiwa dawa, mwambie mapema kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa, la sivyo ataacha siku ya tano. Swali la tisa, la kuwaza kufa au kujidhuru, likipata chochote zaidi ya 0, ulizia siku hiyo hiyo, kabla hajatoka mlangoni.