NCLEX-RN baada ya wiki 12: ninunue nini, niache nini?

Zamu_ya_Usiku (Mwanza):

Habari za jioni wakuu. Kibali cha kufanya mtihani (ATT) kimeshatoka, na NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani, nimeupanga baada ya wiki 12. Nafanya kazi za zamu, kwa hiyo muda wa kusoma ni kama saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki. Fedha inatosha kulipia kitu kimoja, labda na kitabu kimoja cha bei nafuu.

Nilivyonavyo sasa: PDF kama 40 kutoka Telegram, kitabu kikubwa cha marejeo cha mwaka 2017, na video za bure za YouTube. Naomba kujua kipi kati ya hivi bado kinafaa, na hiyo fedha kidogo niiweke wapi. Pia nawezaje kutambua kwamba kifaa cha kusomea kimepitwa na wakati kabla sijakilipia?

---

Kofia_Nyeupe:

Pole na zamu, mkuu. Tuanze na hicho kitabu. Fungua utangulizi wake. Ukikuta mtihani una maswali 75 hadi 265 kwa saa 6, hicho kinaeleza mtihani ambao haupo tena. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 maswali ni kati ya 85 na 150, muda ni saa 5, na ndani yake mna visa vya wagonjwa vitatu, kila kisa kikiwa na maswali sita. Kati ya maswali yote, 15 ni ya majaribio na hayahesabiwi, ila huwezi kuyatambua, kwa hiyo jibu kila swali kama lina alama. Na ukishalijibu swali na kwenda mbele, huwezi kurudi nyuma.

Kitabu usikitupe. Moyo kushindwa kufanya kazi, DKA (hali ya hatari ya kisukari), utendaji wa figo, hayo hayajabadilika, nawe utayahitaji pale unapokwama. Ila dozi, miongozo ya tiba na maswali yaliyo mwishoni mwa sura usiyategemee. Na usikisome kuanzia jalada hadi jalada, wiki 12 zitakwisha ukiwa bado kwenye sura ya elektroliti. Kisome kwa kutumia faharasa: umekosea swali la bomba la kifuani, nenda kurasa za bomba la kifuani, rudi.

PDF za Telegram zifute. Nyingi zimenakiliwa na mtu asiyejulikana, majibu mengine si sahihi, na kitu chenye thamani kuliko vyote, yaani maelezo ya kwa nini chaguo la pili si jibu, hakimo. Isitoshe, PDF haiwezi kukuzoesha maswali ya sasa. Kwenye mtihani utafungua vichupo vya faili la mgonjwa (maelezo ya muuguzi, vipimo vya maabara, maagizo ya daktari), utaburuta majibu, utajaza jedwali, utaweka alama kwenye maneno yenye dalili. Mkono na jicho vinahitaji kuzoea. Na anayekuambia anazo nakala za maswali halisi ya mtihani, mkimbie: kila mtahiniwa anakubali masharti ya siri kabla ya kuanza, na matokeo yanaweza kufutwa.

Fedha yako yote iende kwenye benki moja ya maswali, yaani mkusanyo wa maswali ya mazoezi wa mtandaoni. Moja tu. Wanaonunua tatu huishia kumaliza robo ya kila moja. Nyingi hutoa siku chache za kujaribu bure, na katika siku hizo kagua haya:

Kwanza, inavyosahihisha maswali ya "chagua yote yanayofaa". Utaratibu wa sasa unakupa alama moja kwa kila chaguo sahihi na kukupunguzia moja kwa kila kosa, bila kushuka chini ya sifuri. Tuseme chaguo ni sita na sahihi ni matatu. Ukichagua matatu sahihi na moja la makosa unapata 2. Ukibofya yote sita unapata 0. Benki inayokupa sifuri kwa kosa moja tu bado inaishi kabla ya 2023, na itakufundisha kuogopa maswali ambayo sasa yana alama za nusu njia.

Pili, soma maelezo ya swali ulilolipata. Yanaeleza kila chaguo, au yanarudia tu jibu kwa maneno mengine? Kama ni hayo ya pili, usilipe.

Tatu, tafuta kisa kizima chenye maswali sita. Yanapaswa kwenda kwa hatua: kutambua dalili zenye maana, kuzichambua, kuamua lipi ni la hatari zaidi, kupanga la kufanya, kulifanya, kisha kupima kama limesaidia. Visa vya kubuni haraka hurudia hatua ya kwanza mara sita.

La mwisho, siku za usajili huanza kuhesabiwa pale unapowasha akaunti. Usiwashe leo kama wiki ijayo una zamu za usiku mfululizo. Na usichangie akaunti na wenzako, mfumo ukiona vifaa vingi hufunga, na takwimu zako za maendeleo zinakuwa mchanganyiko wa watu watatu.

---

Dozi_Sahihi (Eldoret):

Kofia_Nyeupe amesema vyema. Mimi niongeze jambo linalowaangusha sana wauguzi wa huku kwetu hata wakiwa na vifaa vizuri: majina ya dawa na vipimo.

Mtihani hutumia majina halisi ya dawa badala ya majina ya biashara, lakini ni yale ya Marekani. Paracetamol yetu kule ni acetaminophen, salbutamol ni albuterol, pethidine ni meperidine, glibenclamide ni glyburide, lignocaine ni lidocaine, adrenaline ni epinephrine. Usipolitambua jina acetaminophen, swali la ini linakupita: kiwango cha juu ambacho kawaida mtu mzima hapaswi kuvuka ni gramu 4 kwa siku, na dawa ya kuokoa aliyezidisha ni acetylcysteine. Ulikuwa unaijua dawa, hukujua jina lake tu. Andika jozi hizi kwenye kadi ndogo, jina letu mbele na la kwao nyuma, ujipime kumi kila asubuhi.

Sukari ya damu maabara zetu huitoa kwa mmol/L, vifaa vyao vingi kwa mg/dL. Gawanya kwa 18: 70 mg/dL ni kama 3.9, na 126 ni 7.0. Kreatinini zidisha kwa 88.4, hivyo 1.2 mg/dL ni kama 106 kwa micromol/L. Potasiamu haikusumbui, 3.5 hadi 5.0 ni ile ile kwa mEq na mmol. Joto: 100.4 Fahrenheit ni 38 kamili. Uzito: paundi gawanya kwa 2.2.

Chukua mfano wa kufanyia zoezi. Mgonjwa ana paundi 154, heparini imeagizwa uniti 18 kwa kilo kwa saa, na mfuko una uniti 25,000 ndani ya mL 500. Kilo ni 70. Uniti kwa saa ni 1,260. Kila mL ina uniti 50. Pampu iwekwe 25.2 mL kwa saa. Mtu akisahau kugeuza paundi anapata 55.4, zaidi ya mara mbili ya dozi. Fanya hesabu hizi kwa kikokotoo cha kwenye kompyuta na si cha simu, maana mtihanini utatumia kilicho kwenye skrini. Soma pia agizo la kukadiria: kama wanataka nambari nzima, kadiria mwishoni tu na si katikati ya hesabu.

Halafu kifua kikuu. Kwetu BCG ni ya kila mtoto, Marekani si chanjo ya kawaida, kwa hiyo kipimo cha ngozi kina uzito mkubwa kwao. Hupimwa uvimbe mgumu, si wekundu. Milimita 5 zinatosha kwa mwenye VVU au aliyekaa karibu na mgonjwa, 10 kwa mhamiaji wa karibuni kutoka nchi yenye TB nyingi, 15 kwa asiye na hatari yoyote inayojulikana. Benki nzuri itakuuliza hili kwa sura mbalimbali.

---

Daftari_la_Makosa:

Kabla ya kulipa chochote, mkuu, pakua mpango wa mtihani kutoka NCSBN, wenye mtihani wenyewe. Ni bure. Hupitiwa upya kila baada ya miaka mitatu hivi: mmoja ni wa Aprili 2023 hadi Machi 2026, na unaoufuata ni wa kuanzia Aprili 2026. Chukua unaolingana na tarehe yako. Ule wa 2023 unaweka usimamizi wa huduma kuwa asilimia 15 hadi 21, dawa 13 hadi 19, mabadiliko ya mwili kutokana na ugonjwa 11 hadi 17, usalama na kuzuia maambukizi 10 hadi 16. Afya ya akili na jamii ni 6 hadi 12 tu. Kwa hiyo mtu anayetumia wiki tatu kwenye nadharia za saikolojia anapoteza mtaji.

Video za YouTube zibaki, lakini ziwe za kufafanua jambo ulilokosea. Ukitazama video bila swali lililokupeleka pale, unahisi umeelewa, na kesho yake hukumbuki.

Kwa saa tatu zako, pendekezo langu ni maswali 40 kwa siku na si 100. Kwa dakika mbili kila moja ni dakika 80, na mwendo huo ndio wa mtihani, saa 5 kwa maswali 150. Dakika 100 zinazobaki ni za kusoma maelezo, ya uliyopata na ya uliyokosa. Maswali 200 kwa wiki yanakupa 2,000 kwa wiki kumi, ambayo ni benki nzima ya kawaida. Changanya mada tangu wiki ya tatu. Ukifanya moyo peke yake wiki nzima, unajua jibu ni la moyo kabla hujasoma swali.

Mtihani wa kujipima, kama benki yako inao, weka wa kwanza mwisho wa wiki ya 6 na wa pili wiki ya 10. Wengine huuacha hadi siku tatu kabla, wakati ambapo hata ukijua udhaifu wako huna siku za kuurekebisha.

Daftari la makosa liwe na safu mbili tu: mada, na sababu. Sababu ni mojawapo ya hizi: sikujua, sikusoma vizuri, nilibadilisha jibu, neno la Kiingereza lilinipita. Baada ya wiki mbili hesabu. Kama nyingi ni "sikusoma vizuri", kitabu kipya hakitakusaidia. Maswali yanayouliza kauli ipi inaonyesha mgonjwa anahitaji kuelimishwa zaidi hutaka kauli yenye makosa, na watu wengi huchagua ile sahihi.

---

Zamu_ya_Usiku (Mwanza):

Asanteni sana. PDF nimezifuta. Nimeanza jaribio la bure la benki mojawapo, na inatoa alama za nusu kwenye "chagua yote". Maswali 60 ya kwanza nimepata asilimia 48. Hiyo ni ishara kwamba nisogeze tarehe? Na makosa mengi yapo kwenye kumpangia nani afanye kazi gani wodini.

---

Kofia_Nyeupe:

Usisogeze kwa sababu ya 48 ya siku ya kwanza. Mtihani wenyewe hubadilika kulingana na uwezo: ukipata, linakuja gumu zaidi, ukikosa, rahisi zaidi, hivyo watahiniwa wengi hukosa karibu nusu ya maswali, hata wanaofaulu. Unapimwa kwa ugumu wa maswali unayoyamudu. Angalia mstari wa maendeleo wiki hadi wiki kwa kila mada. Ukifika wiki ya 10 bado mtihani wa kujipima unakuweka chini, hapo ndipo uangalie kusogeza, na usivuke siku ya mwisho ya ATT, la sivyo utajisajili upya na kulipa tena dola 200. Ukifeli, kusubiri ni siku 45 kwa uchache.

---

Dozi_Sahihi (Eldoret):

Hilo la kukasimu kazi lisikushangaze. Wodi zetu hazina mgawanyo wa RN (muuguzi aliyesajiliwa), LPN (muuguzi mwenye leseni ya ngazi ya chini yake) na msaidizi asiye na leseni kama wa kwao, na ndugu wa mgonjwa hufanya nusu ya kazi. Kwa hiyo uzoefu wako hapa unaweza kukupeleka pabaya, na benki ndiyo itakayokujenga.

RN hamwachii mtu tathmini ya kwanza, kufundisha mgonjwa kwa mara ya kwanza, kupima matokeo ya huduma, wala mgonjwa ambaye hali yake haijatulia. LPN anapewa mgonjwa aliyetulia ambaye matokeo yake yanatabirika: dawa za kawaida za kumeza, kubadilisha bandeji ya kidonda, kukumbushia mafundisho ambayo RN ameshayatoa. Msaidizi anapewa kuogesha, kutembeza, kupima ishara za uhai za aliyetulia, kuandika maji yaliyoingia na kutoka, na kulisha asiye na hatari ya kupaliwa. Mgonjwa wa kiharusi anayekula kwa mara ya kwanza si wa msaidizi, hata kama kazi yenyewe inaonekana ni kulisha tu.

Kwenye benki, chuja mada ya usimamizi wa huduma, fanya maswali 15 kila siku kwa wiki mbili ndani ya zile 40. Kwa kila chaguo jiulize maswali mawili kabla ya kubofya: huyu mgonjwa ametulia? Kazi hii inahitaji kuamua jambo, au kutekeleza tu?