Gorogoro haina lebo, sasa mimi wateja niwaambie nini?

Wadau hamjambo. Leo, mwisho wa Novemba 2022, naandika na hasira juu ya haya mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vijeni na wanasayansi, kwa hivyo mahali ntakosea mnisamehe, na kama kuna mahali ntatukana basi mods mfute hilo neno lakini uzi muuache.

Mimi napika chakula Shimanzi, hapa Mombasa karibu na bandari, kibanda cha mabati karibu na magodauni. Sima, maharagwe, sukuma, na siku mfuko ukiruhusu papa wa kukaanga. Wateja wangu ni mahamali, madereva wa trela na turnboy wao, na wale vijana wanaoshinda getini wakingoja kuitwa kibarua. Hawa si watu wa chapati mbili na chai. Hawa wataka sima iliyosimama, na ukipunguza hata kidogo mtu anakwambia mbele ya wenzake "mama, leo umepima na kijiko cha chai?"

Sasa hizi wiki mbili, tangu waziri wa biashara Moses Kuria aseme magunia milioni 10 ya mahindi yataingizwa bila ushuru kwa miezi sita, ya GMO na yasiyo ya GMO, kwangu hakukaliki. Badala ya watu kubishana World Cup na vile Saudia waliwatoa Argentina jasho, kila anayekaa kwa benchi ni "mama, hii ndio ile ya GMO?" Mmoja anacheka ati akila kwangu kesho ataamka na matiti. Haya huyo ni mtoto, namwachia Mungu. Lakini kuna mzee, hamali wa miaka mingi, mtu wa heshima zake, aliniuliza taratibu na mimi nikamwambia ukweli kwamba sijui, akaisukuma sahani, akalipa, akaenda kwa jirani kula mahamri na mbaazi. Kesho yake alirudi manake mahamri mawili hayabebi gunia. Lakini ile kusukuma sahani niliiona na iliniuma, sitaki kudanganya.

Nilimwambia sijui kwa sababu SIJUI. Mimi unga wa paketi niliuacha kitambo, mwaka huu wa 2022 ulipopita 200 kwa kilo mbili nikasema basi. Nanunua mahindi soko la Kongowea kwa gorogoro (ule mkebe wa kupimia) au debe nikipata pesa, napeleka kisiagi, yaani mashini ya kusaga, nasagiwa, napika. Pale Kongowea mahindi yanashushwa kwa lori, gunia linakatwa linamwagwa kwa turubai juu ya mahindi ya jana, na jana yalikuwa juu ya ya juzi. Leo ukiuliza unaambiwa ya Tanzania, kesho rundo lile lile ni la Kitale. Juzi nikamkazania muuzaji, dada hebu niambie haya yametoka wapi hasa, akaniangalia kama nimemuuliza baba wa mtoto wake ni nani.

Kijana wa dadangu anasoma kilimo chuo, nikampigia. Akaniambia "mama mdogo usijali, sheria iko, kanuni za lebo ziko tangu 2012, chakula chenye GMO kupita asilimia 1 lazima kiandikwe." Nikamuuliza kiandikwe wapi? Akasema kwa paketi, kwa gunia. Nikacheka mpaka akanyamaza. Gunia likishakatwa Kongowea lebo inabaki na gunia, na gunia lenyewe jioni limeuzwa la kutia makaa. Mimi napimiwa na mkebe wa mafuta ya kupikia uliokatwa. Gorogoro haina lebo! Hiyo kanuni iliandikwa na mtu anayesukuma trolley kwa supamaketi, hakuwahi kukaa na ndoo kwa foleni ya kisiagi.

Na ndio mjadala mzima ulivyo, watu wa Nairobi na suti zao kwa TV kila usiku. Upande mmoja ni serikali. Huyu waziri anasimama mbele ya kamera anasema ati Kenya tayari kuna vitu vingi vya kukuua kwa hivyo tukiongeza GMO kwenye hiyo orodha hakuna ubaya. Yaani mtu amepewa kazi ya kuleta chakula na neno la kwanza ni kifo! Mimi nikimwambia hamali "kula tu, hata trela ya hapo nje ingekuua" si nitafunga kibanda siku hiyo hiyo? Kisha wanashangaa watu wanaogopa.

Upande wa pili ni hawa wa kutisha watu. Wanasambaza zile picha za panya wana uvimbe mkubwa kama ndimu. Nikamuuliza kijana wangu hizo picha ni za nini. Akanieleza ni utafiti wa Mfaransa anaitwa Séralini, ulitoka Septemba 2012, na Novemba mwaka huo huo baraza la mawaziri la rais Kibaki likapiga marufuku kuingiza GMO. Kumbe panya wa aina ile hata ukiwalisha kitu kingine huota uvimbe wenyewe wakizeeka, na walikuwa kumi kumi tu kwa kila kundi, wanasayansi wenzake wakapiga kelele na 2013 gazeti la kisayansi lililoichapisha ile kazi likaiondoa. Akaja kuichapisha tena kwengine mwaka uliofuata, haya. Lakini marufuku yetu iliendelea kukaa miaka kumi, mpaka tarehe 3 Oktoba 2022 serikali mpya ilipoiondoa kwa kikao kimoja tu! Ilipowekwa hatukuulizwa, ilipoondolewa hatukuulizwa. Na hao panya wangali wanazunguka WhatsApp ya kina mama wa kanisa letu hadi leo.

Halafu mbona hakuna anayelia hivi kuhusu sumu kuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi (aflatoxin)? 2004 kule Makueni na Kitui watu 125 walikufa, wamekula mahindi ya hapa hapa, yaliyolimwa na kina sisi, yakaota ukungu kwa kuwekwa na unyevu. 2019 kwa sumu hiyo hiyo zilipigwa marufuku aina tano za unga wa paketi, wa dukani, wenye lebo nzuri na picha ya sima imetabasamu. Mimi hiyo ndio huniogopesha nikikaribia rundo la Kongowea, nachukua punje nauma, nanusa kama kuna ukungu. GMO siwezi kuinusa.

Na sisi watu wa Mombasa tusijifanye hii meli ni ya kwanza. 2010 si mahindi ya GMO ya Afrika Kusini, tani 40,000, yalifika hapa Kilindini ikazuka kelele hii hii? 2017 ikaja ile meli na mahindi ya Mexico, tani karibu 30,000, ilitia nanga upesi mpaka watu wakauliza iling'oa nanga lini, ikiwa ushuru ndio kwanza umeondolewa. Mwaka wa uchaguzi huo, unga ukashuka mpaka 90. Julai 2022, uchaguzi wa Agosti ukikaribia, tena unga wa mia, wiki nne, ambao mimi nilipiga foleni mara mbili na nikaukosa mara mbili. Meli zinapita mbele ya macho yetu, vumbi la mahindi tunapiga chafya nalo sisi, na mahamali walioyabeba ndio wananiuliza mimi mpishi kuna nini ndani ya gunia.

Sasa mniambie nachukia GMO. Sijasema hivyo. Mamangu yuko Bamba, huko Ganze, Kilifi, kule kwenye ukame, anayejua Ganze anajua. Kufikia vuli hii ya 2022 mvua imekosa msimu wa tano mfululizo, tangu vuli ya 2020. Mbuzi wamekwisha, waliobaki ni wa kuhesabu mbavu. Ukienda na siasa za GMO kwa mtu aliyelala na chai ya rangi siku mbili atakuona mwendawazimu. Mahindi ya GMO wanaokula wapo, Afrika Kusini wanapika pap, sima yao, ya mahindi meupe ya GMO miaka kama ishirini sasa. Kijana alinieleza mengi yao ni yale yaliyotiwa kijeni cha bakteria wa udongoni, bungua, yule mdudu wa mahindi, akitafuna bua anakufa, na mtu akila tumbo lake linaisaga ile protini kama nyingine yoyote. Sawa, nimeelewa, mimi si mjinga.

Lakini mamangu nilipomsimulia kwa simu aliuliza swali moja ambalo sijasikia mtu wa TV akiuliza. "Mwanangu, na hayo nikiyapanda yataota?"

Mwaona? Mamangu akipewa gunia la msaada HATASAGA LOTE. Lazima atoe vibaba viwili vitatu aweke juu ya moshi jikoni, mvua ikinyesha apande, manake mbegu zake za mdzihana, mahindi yetu ya kienyeji, alikula mwaka jana na njaa, na mbegu za dukani pesa hana. Kila mama kule atafanya hivyo. Mahindi yenyewe huchavushana kwa upepo, hayajui mpaka wa shamba. Kwa hivyo hayo mahindi ya "kula tu" msimu mmoja yatakuwa shambani Ganze na Kinango, na hakuna mtu atakuwa ameidhinisha wala kukataa, yatakuwa yameingia tu kupitia jikoni. Na yakiota ni mbegu ya kampuni fulani yenye haki zake, mamangu atajua saa ngapi?

Dawa yake wala si ngumu. 2002 njaa ilipopiga kusini, Zambia walikataa kabisa mahindi ya GMO ya msaada hata yakiwa yamesagwa, lakini Malawi, Msumbiji na Zimbabwe walisema leteni yakiwa yamesagwa, unga hauoti. Sisi bandari iko hapa, mashini kubwa za kusaga ziko hapa Mombasa, vijana hawana kazi. Sageni hapa hapa kabla lori halijavuka Mazeras! Lakini nani atasema hivyo, huyo waziri aliyesema tuongeze kwenye orodha ya vifo?

(Na jambo la pembeni: muhogo. 2021 waliidhinisha muhogo wa GMO usioshikwa na ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na majaribio mengine yalifanywa hapa Mtwapa. Sisi watu wa Pwani tunaojua kuchimba muhogo ukaukuta umeoza ndani kama kizibo, hiyo ndiyo habari yetu. Mliisikia kwa TV? Muhogo hauangushi serikali, ndio maana.)

Jumatatu tarehe 28 Novemba 2022 Mahakama Kuu ikasimamisha kuingizwa kwa hayo mahindi ya GMO, baada ya chama cha wakulima wadogo kwenda kortini. Wakulima wa Rift Valley wameshangilia, manake wao ndio wanavuna sasa hivi na walikuwa wanaona bei inaangushwa shambani mwao. Nawaelewa, mimi pia ni mtoto wa mkulima. Lakini mimi debe langu halijashuka hata shilingi. Sahani yangu ni 60 na siwezi kuipandisha, hamali akiona 70 anahama. Nimepunguza maharagwe, na hilo nalo wameshaliona.

NAONGEZA saa tatu usiku, manake wengine mshaanza.

Wewe uliyesema "mama rudi jikoni uache sayansi", jikoni ndiko ninakouliza nikiwa. Kwani wewe sayansi yako unaila wapi?

Na wewe ndugu uliyesema ninunue unga wa paketi wenye lebo kama naogopa, nimefanya hesabu yako. Kwa sufuria zangu mbili za mchana nitapika sima nipate hasara kabla sijanunua mkaa. Asante kwa ushauri.

Aliyeuliza kama nimepiga simu ofisini, ndio, nilipiga ofisi moja ya serikali. Nikahamishwa watu watatu, wa mwisho akaniuliza "kwani wewe ni mwandishi wa habari?" nikasema mimi ni mpishi, akakata.

Sasa swali langu moja ambalo naomba mtu wa bandarini au wa magodauni anijibu bila siasa, hata inbox. Korti ikiruhusu kesho na meli ikaja, mahindi yakatoka kwa silo yakapakiwa lori, mtu wa mwisho anayejua kwa hakika haya ni ya GMO na haya siyo, anasimama wapi? Getini? Kwa godauni? Kwa mwenye kisiagi? Manake mimi niko mita mia tatu kutoka hapo na habari haijawahi kunifikia. Nikijua anaposimama ntamfuata na sufuria yangu anijibu yeye.

Saa kumi alfajiri naenda Kongowea. Yule mzee ameshaagiza sahani yake ya kesho, na amesema ataniuliza tena.