Tela la kulala linayumba: kosa ni la kiungo au la mzigo?

Mkazi wa Ilemela: Ndugu zangu, nina tela la kulala (nyumba ndogo inayovutwa na gari) lenye kilo 1,500 likiwa limepakiwa. Nilipolivuta kutoka Mwanza kuelekea Magu, mkia wake uliyumba kila nilipozidi kilomita 70 kwa saa. Nianze kukagua wapi?

Fundi wa Nyakato: Ndugu, kuyumba kwa namna hiyo mara nyingi husababishwa na mzigo mwingi kuwekwa nyuma ya ekseli, hata pua ya tela (ncha yake ya mbele) ikakosa uzito wa kutosha kwenye mpira wa kiungo, yaani tufe la chuma nyuma ya gari linaloshika tela. Kwa tela lako, uzito huo unapaswa kuwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote, yaani kilo 150 hadi 225, mradi usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kiungo na kwenye kitabu cha gari. Pima gari peke yake kwenye mizani likiwa na abiria wake, kisha unganisha tela na urudie, magurudumu ya gari yakiwa juu ya mizani na ya tela yakiwa nje. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo uzito wa pua. Tangi la maji liko wapi? Lita 100 ni kilo 100.

Dereva wa Musoma: Hakikisha pia kwamba tela limekaa sawa na ardhi, na minyororo ya usalama ipishane chini ya kiungo ili pua isigonge lami mpira ukichomoka.

Mkazi wa Ilemela: Nashukuruni sana. Tangi liko nyuma kabisa, nami nitalimwaga kabla ya kwenda kupima.

Fundi wa Nyakato: Pima mara mbili, tangi likiwa tupu na likiwa limejaa.