Naomba ushauri: kuhifadhi katuni ya Daumier iliyokatwa gazetini

Wadau, habari zenu. Nimepata picha ya Honoré Daumier, mchoraji wa Ufaransa aliyefungwa 1832 kwa kumkejeli Mfalme Louis-Philippe. Sheria ya 1835 ilipobana katuni za siasa, akageukia maisha ya kila siku: wapangaji, abiria wa treni, mawakili. Yangu ni ya wakili mwenye joho, kidevu juu, mteja analia pembeni. Naipenda mno! Nyuma kuna habari za gazeti la Le Charivari, wino wake umeanza kupenya mbele, na kingo zimekuwa za kahawia. Fundi wa fremu anataka kuibandika kwa gundi kwenye ubao; moyo wangu umekataa kabisa. Je, niiwekee kadibodi ya aina gani? Na kioo cha kawaida kinatosha kuikinga na jua? Mwenye uzoefu wa karatasi za zamani anisaidie tafadhali.