Tupeane uzoefu: Uliiwekea SSD kompyuta yako ya mezani, ikawaje?

Wakuu habari zenu. Kompyuta yangu ya mezani nimekaa nayo miaka saba. Ilifika mahali naiwasha, naenda kuoga, narudi nakuta kiduara bado kinazunguka. Nilishaamini prosesa imechoka. Siku moja nikafungua Task Manager: prosesa asilimia 6, RAM nusu, diski asilimia 100 na haishuki. Hapo ndipo nilipoelewa. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika na kichwa kinachokimbia huku na huko kutafuta faili, na kila safari inakula kama milisekunde 10. Windows ikiwaka inaomba maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika. SSD ni diski ya chipu tupu, haina cha kuzunguka wala cha kukimbia. Nimefunga ya SATA (ile ya kuunganisha kwa kebo, kama diski ya zamani), sasa inawaka kwa sekunde 15 hivi, na sijagusa kitu kingine.

Wenzangu, kwenu ilikuwaje? Mabaya nayo yasemwe.

#2
Nilifunga SSD, diski ya zamani nikaiacha imechomekwa humohumo, nikaweka Windows upya kwa flashi. Kazi ikaenda vizuri. Baada ya miezi mitatu nikataka kuitoa ile ya zamani nimpe mdogo wangu. Nachomoa, nawasha: skrini nyeusi, maandishi meupe yanasema hakuna diski ya kuwashia. Nilikaa sakafuni na bisibisi mkononi, nikajua SSD imekufa.

Kumbe siku ile Windows ilikuta kwenye diski ya zamani kile kisehemu kidogo cha kuwashia, ikatumia hichohicho. SSD ilibeba Windows, lakini ufunguo ulibaki kwenye diski ya zamani. Nilipoirudisha tu, ikawaka. Jamani, kabla ya kuweka Windows chomoeni diski nyingine zote, ibaki SSD peke yake. Ukimaliza ndipo urudishe.

#3
Mimi nilinunua NVMe (aina ya SSD yenye kasi kuliko SATA) kwa kuona tundu la M.2, lile jembamba la kuchomeka SSD moja kwa moja kwenye ubao mama, na ikaingia vizuri kabisa. BIOS (programu ya ubao inayoamka kabla ya Windows) haikuiona. Kitabu cha ubao nilikisoma baadaye: tundu lile linapokea M.2 za SATA tu. Umbo moja, lugha mbili. Niliirudisha dukani.

#4
Pole mkuu wa namba 3. Kwangu M.2 ilisoma, ila DVD ikapotea. Kuna ubao ambao ukijaza tundu la M.2, matundu mawili ya SATA yanazimika. Nilihamishia kebo tundu jingine, yakaisha.

#5
Habari zenu kaka na dada. Mimi sikuweka upya, nilikloni kila kitu kutoka diski ya 1 TB kwenda SSD ya 240 GB, baada ya kuhamisha video kwanza ili vitoshee. Hakuna shida niliyopata siku hiyo.

Shida ilikuja baadaye. Nilifuta kwa bahati mbaya folda ya picha za harusi ya dada yangu. Kwenye diski ya zamani nilishawahi kuokoa faili mara mbili kwa programu, kwa hiyo sikuogopa. Programu ikaniletea majina yote ya picha, sahihi kabisa. Nafungua, ndani hamna kitu. SSD ikiambiwa faili limefutwa, inajisafishia nafasi yenyewe, na hiyo kazi inaitwa TRIM. Zile picha sijazipata hadi leo, na naumia kila nikikumbuka. Diski yenu ya zamani msiitupe, ifanyeni ya bakapu.

#6
Asanteni sana. Nimefungua kasha sasa hivi. Ubao wangu ni wa zamani, hauna M.2. Je, SATA itanisaidia kweli? Na kebo ya umeme ya SATA iliyobaki imeshikwa na DVD.

#7 (mwanzisha uzi)
Itakusaidia, mkuu. SATA inafika kama MB 550 kwa sekunde, na NVMe nyingi za PCIe 3.0 (njia ya data ya ubao, toleo la tatu) zinafika kama 3,500, lakini kwa kuwasha na kufungua programu hutaona tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Mruko mkubwa ni kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD. Kama DVD huitumii, chukua kebo yake. Ingia BIOS uhakikishe SATA iko kwenye AHCI (hali ya SATA inayofaa SSD) kabla hujaweka Windows, usisubiri baadaye, maana ukibadilisha wakati Windows imeshakaa inaweza kugoma kuwaka. Na ile ya zamani ichomoe kwanza, kama alivyosema namba 2.