Nimeitwa SHABIKI kwenye video yangu mwenyewe! Yule bwana sasa amevuka mpaka

MwanaWaBaraza

Jamani naandika hapa mkono watetemeka. Simtaji jina, nyote mwamjua, na nikimtaja ntakuwa nimempigia debe bure. Yule. Yule asemaye kwa pua. Yule aliyevaa kanzu ya Idi kwenye picha ya chaneli yake ya YouTube na hata chai ya maziwa akiachiwa jikoni yafurika.

Wanaonifuata TikTok wajua mimi namrekodi mamkubwa wangu akikaanga viazi karai barazani, Kibokoni. Mama yule hapendi kamera. Kila nikimrekodi nalipa ushuru: nimuoshee masufuria, nimpelekee mtungi wa gesi, nimsikilize kuhusu watu niliosoma nao ambao wote washaoa. Ile video ya juzi ilitoka vizuri mno. Haifiki dakika. Kiazi kishachemshwa, chatoswa kwenye uji wa unga na manjano, chaingia mafutani, na mamkubwa asema kwa ile sauti yake, "Moto mdogo mwanangu, kiazi hakina haraka." Watu waliipenda, nikafurahi, yakaisha.

Leo asubuhi binamu yangu alioko Dubai anitumia kiungo: "Hongereni, mamkubwa ameingia YouTube!" Ameingia na nani? Sisi hatuna YouTube!

Nafungua, ni Shorts, zile video fupi za YouTube, ya yule bwana. Video yetu. Lakini ameichinja. Mwajua ukiteremsha video kutoka TikTok yaja na ile nembo yenye jina la mwenyewe, na nembo haitulii, mara iko juu mara imerukia chini upande wa pili. Basi fundi huyu akaivuta picha ikawa kubwa ili nembo ya chini itoke nje. Karai nalo likatoka nje. KARAI! Video ya viazi karai haina karai! Waona kiwiko tu chatikisika mwanzo mpaka mwisho, mamkubwa kama yuwacheza chakacha na kiti. Nembo ya juu imemshinda kuitoa, akaifunika kwa emoji ya moto, na emoji ile imemkaa mamkubwa usoni sawasawa. Mama wa watu, hajja, awaka moto kichwani mbele ya ulimwengu mzima.

Sauti yake ameifuta. Ameweka ya kompyuta: "Karibu mtazamaji, leo tunajifunza kupika bhajia." BHAJIA.

Hayo yote ningeyameza, wallahi ningeyameza. Nikamwandikia komenti kwa adabu kabisa: "Kaka, video hino ni yangu na huyo ni mamkubwa wangu." Akanijibu palepale: "Asante sana shabiki yetu, endelea kuwa nasi 🙏"

Shabiki.

SHABIKI! Akaniwekea na kile kimoyo chekundu. Kisha akaibandika komenti yangu juu ya zote, kila anayefungua aanze kwa kuniona mimi, shabiki. Mwenye video, mwenye simu, mwenye mamkubwa: shabiki. Na chini yake kuna mtu ashanijibu, "Shabiki mwenzetu, acha wivu." MWENZETU!

Naomba ushauri. Au matusi. Chochote mlicho nacho.

ShogaWaMajengo

Pole sana shabiki.

Kaka_Mtongwe

Nimeitafuta nikaiona. Kweli mama anacheza chakacha. Nimebonyeza like, samahani, kidole kimeteleza.

MwanaWaBaraza

Umebonyeza LIKE? Mimi nalia hapa wewe wamwongezea?

Kaka_Mtongwe

Nimemlike mamkubwa, sio yeye.

MwanaWaBaraza

Like haiendi kwa mamkubwa! Yaenda kwa mtu aliyeniita shabiki!

NgamiaWaPwani

Tatizo hapa ni pesa, tuambiane ukweli. TikTok kwa sisi wa Kenya haikulipi kwa kutazamwa tu, labda ufanye laivu urushiwe zawadi za maua na simba. YouTube yalipa. Tangu Februari 2023 Shorts zagawana pesa za matangazo, muundaji apata asilimia 45 ya fungu lake. Ila kufika hapo kwataka wafuasi 1,000 na Shorts zako zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90 (au uwe na masaa 4,000 ya kutazamwa kwa mwaka kwenye video ndefu). Sasa mtu asiyejua hata kuchemsha yai atazitoa wapi milioni 10? Aja kuvua kwenu.

MwanaWaBaraza

Ndugu yangu, sikuuliza pesa. Nimesema ameniita SHABIKI.

NgamiaWaPwani

Basi sawa shabiki, nilikuwa nakusaidia.

BintiTudor

Mimi ndio nimeimaliza yote. Hamjaitazama mpaka mwisho nyinyi? HAKUKATA MKIA! Amefunika juu, amekata chini, kisha mwisho kabisa pakalia ule mlio wa TikTok, nembo ikajaa skrini nzima na jina la akaunti ya mtoa mada chini yake, jeupe pee! Nimecheka mpaka mume wangu ameniuliza naongea na nani.

ShogaWaMajengo

Nimerudi kutazama. Yallah. Mwizi kavunja nyumba kaacha kitambulisho cha mwenye nyumba mezani 😂😂

MwanaWaBaraza

Kwa hivyo jina langu analo pale, limeandikwa, amelitia yeye mwenyewe kwa mkono wake, na bado ANANIITA SHABIKI?

Fundi_wa_Simu_Bondeni

Kijana tulia usome. YouTube ina fomu ya malalamiko ya hakimiliki, iko palepale chini ya video ukibonyeza kuripoti. Ijaze wewe, asijaze binamu, kwa kuwa anayelalamika awe ndiye mwenye kazi au wakala wake. Weka kiungo cha video yako ya TikTok, na uwe nayo faili yenyewe kwenye simu, ile isiyo na nembo. Wakikubaliana nawe wanaiondoa na chaneli yapata onyo. Maonyo 3 ndani ya siku 90, chaneli yafutwa yote. Yeye ana haki ya kupinga, na akipinga itabidi uonyeshe umeenda mahakamani, la sivyo video yarudi. Hata huku kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001, video uliyoipiga mwenyewe ni mali yako hata kama umeipiga kwa simu ya mkopo.

Ila ujue: fomu yataka jina lako kamili, na jina hilo yeye ataliona.

MwanaWaBaraza

Alione! Alisome kwa sauti! Ajue shabiki ana jina!

Kaka_Mtongwe

Jina kamili, hata lile la katikati ulilotuficha shuleni?

MwanaWaBaraza

Wewe ni nani? Tumesoma pamoja?

Mzee_wa_Kisauni

Mimi nauliza kitu kimoja tu, msinirukie. Kwenye video yako ya TikTok nasikia taarabu tamu sana kwa nyuma. Mwenye taarabu ulimwomba ruhusa?

ShogaWaMajengo

Mzee ametupa nyavu 👀

MwanaWaBaraza

Hiyo ilikuwa redio ya jirani! Niende nikamzimie jirani redio? Yule mama ukigusa redio yake mtaa mzima haulali. Na mimi sijamwita mwimbaji shabiki wangu!

HarusiVideoz

Mzee ameleta mada ya maana, nami niseme yangu maana yameniuma. Mimi napiga video za harusi. Klipu ni zangu, kamera yangu, jasho langu. Niliziweka TikTok na nyimbo za kwenye maktaba yao, zikapendwa. Nikasema nizihamishie YouTube. Lahaula! Wimbo uliopewa ruhusa TikTok ruhusa yake yaishia TikTok. YouTube wana mtambo wao wa Content ID, upo tangu 2007, watambua wimbo hata ukipigwa chini ya vigelegele. Matangazo yaingia kwenye video yangu, pesa zaenda kwa mwenye wimbo. Hapo si bora hata mngeniita shabiki?

MwanaWaBaraza

Si bora. Hujui uchungu wake.

Fundi_wa_Simu_Bondeni

HarusiVideoz, usihamishe video iliyokwisha kupikwa. Hifadhi klipu mbichi, bila wimbo, bila maandishi. Kila mtandao uikate upya na uweke wimbo wa mtandao huo. Na maandishi usiyaweke chini kabisa wala pembeni kulia, kule kila mtandao una vitufe vyake vitayafunika. Instagram nao tangu 2021 walisema Reels, video zao fupi, zenye nembo ya mtandao mwingine hawazipigii debe. Na kwa wapenda hadithi ndefu, Shorts sasa ni mpaka dakika 3, tangu Oktoba 2024. Zamani ilikuwa sekunde 60.

BintiTudor

Ngoja ngoja. HarusiVideoz, hizo klipu za harusi unazohamisha huku na huku, bi harusi alikwambia uzihamishe?

HarusiVideoz

Wananilipa kupiga video dada.

BintiTudor

Kupiga. Hujajibu kuhamisha.

ShogaWaMajengo

Enhe! Hapo sasa! Siku ya kupamba simu zetu zote zakusanywa mlangoni, mama mkwe amesimama na kikapu kama askari wa uwanja wa ndege, mimi nimeachishwa simu ndani ya buibui. Wiki haijaisha naiona shingo yangu TikTok. Shingo! Nimeijua kwa mkufu. Nani alikuwa na kamera mle ndani? Nyinyi.

HarusiVideoz

Sio mimi! Mle ndani huingia mpiga picha wa kike tu.

BintiTudor

Na faili zikitoka mle anazikata nani? Nauliza tu.

HarusiVideoz

...

Kaka_Mtongwe

Ameweka nukta tatu. Kesi imeisha.

Otis_wa_Nai

Nimesoma hii thredi yote kwa matatu. Swali la kweli, si hizo ni bhajia tu? Viazi, unga, mafuta. Nyinyi watu wa Mombasa mnapenda drama.

Mzee_wa_Kisauni

Astaghfirullah.

ShogaWaMajengo

Funga mlango huyu asitoke.

NgamiaWaPwani

Kijana, bhajia ni kiazi kibichi kilichokatwa vipande vyembamba, chatiwa unga wa dengu na dania. Kiazi karai chachemshwa kwanza, kizima au nusu, ndio chavishwa unga wa ngano. Ndani kiwe laini, nje kikamate. Halafu ukwaju. Ukila na tomato sosi usituambie.

Otis_wa_Nai

Nilikula na tomato sosi.

Mzee_wa_Kisauni

Nani alimuuzia? Tumtafute huyo kwanza.

Otis_wa_Nai

Nilikuwa Lighthouse, jioni, mama mmoja aliniuliza ukwaju au sosi.

BintiTudor

Lighthouse siku hizi wanauza lolote. Nenda mitaa ya ndani ndio ule kiazi. Lighthouse ni ya mhogo wa kuchoma na madafu, hapo sibishani.

Kaka_Mtongwe

Ukwaju wa ng'ambo hii ya Likoni ndio ukwaju. Wa kisiwani mwautia maji mengi, mwaona haya kuuweka pilipili.

ShogaWaMajengo

Mtu wa kushinda kwenye foleni ya feri asituambie habari ya ukwaju.

MwanaWaBaraza

Samahanini, mada yangu. Nimejaza ile fomu. Sasa nimerudi kule kwake kutazama, AMEBADILISHA KICHWA CHA VIDEO. Yaitwa "Bhajia za Bibi, ombi la shabiki wetu." Ombi! La SHABIKI! Ati mimi ndio nimeomba! Mnasikia lakini?

NgamiaWaPwani

Kaka, ukwaju wa Likoni una pilipili kwa sababu tunda lenyewe hawana, waficha.

Kaka_Mtongwe

Njoo Mtongwe useme hayo.

NgamiaWaPwani

Nije na nini, feri imekwama tangu saa kumi.

Mzee_wa_Kisauni

Si ungepita daraja la Liwatoni, lile la miguu, kama li wazi.

NgamiaWaPwani

Mzee, daraja lile lilifunguliwa kwa saa zake. Nilifika mlangoni siku ile nikageuzwa.

MwanaWaBaraza

Ombi la SHABIKI jamani.

HarusiVideoz

Kwa kuwa watu wa video mko hapa: nauza stendi ya simu yenye taa ya duara, haijatumika sana, iko Mwembe Tayari. Napunguza vifaa.

BintiTudor

Wapunguza vifaa au wakimbia kesi?

Fundi_wa_Simu_Bondeni

Bei?

HarusiVideoz

Njoo inbox.

Fundi_wa_Simu_Bondeni

Iandike hapa, sote twaona.

HarusiVideoz

1,800, taa yake ina rangi 3.

Kaka_Mtongwe

Ya mwisho?

HarusiVideoz

1,500 ukija leo.

ShogaWaMajengo

Dukani kwa Mhindi pale chini ni 1,200 mpya na risiti.

MwanaWaBaraza

Duka gani hilo?